Mpira wa Midomo Mitatu

Ijumaa ile Sajenti Imakulata alibaki peke yake ofisini, na hilo halikuwa jambo geni. Wenzake wa upelelezi walikuwa wametoka kwenda kunywa supu, na kama kawaida hakuna aliyekumbuka kumwuliza kama naye anakunywa. Alikuwa ameingia mwaka wa pili kituoni hapo, lakini bado walimpisha mlangoni kwa ile heshima anayopewa mgeni wa kulala siku moja. Basi akafungua kabati la vielelezo, akavaa glavu, akatoa mfuko wa nailoni na kuuweka mezani.

Ndani mlikuwa na mpira wa mkojo, ule ambao wazee wenye tezi dume iliyovimba huwekewa ili mkojo utoke kibofuni uingie kwenye mfuko unaofungwa pajani. Ulikuwa wa mzee Akonaay wa Endasak, na ulikuwa na damu iliyokauka. Askari waliuokota kwenye korongo chini ya shamba la mwanawe, Gidion, na tangu siku hiyo Gidion alikuwa mahabusu.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mzee Akonaay alikuwa amefiwa na mke na aliishi katika kibanda nyuma ya nyumba ya Gidion. Siku moja akaondoka na hakuonekana tena. Jirani yao, mama mmoja aitwaye Genoveva, alimwona Gidion akichoma godoro na mablanketi ya mzee, akamsikia akimwambia mkewe, "Sasa tutapumua." Kibanda kikajazwa maharage. Genoveva alingoja amwone mzee akirudi, na alipochoka kungoja akaja polisi. Mtu asiyeweza kukojoa bila mpira, na mpira wake umeokotwa korongoni ukiwa na damu. Nani alihitaji kuambiwa zaidi? Endasak nzima ilishamhukumu Gidion, na waliobaki walikuwa wanangoja tu kusikia amefungwa miaka mingapi.

Mkaguzi Modest, mkuu wa upelelezi wa wilaya, aliingia akichokonoa meno kwa kijiti.

"Bado unauangalia huo mpira?"

"Naangalia, afande."

"Jumatatu tunampandisha kizimbani. Mauaji."

"Mwili hatuna, afande. Na kwenye majivu ya godoro hatukukuta hata mfupa."

"Mwili utapatikana."

"Akisomewa mauaji hana dhamana. Atakaa rumande miaka, na kama hakuua nani atamrudishia?"

Modest alikitoa mdomoni kijiti chake, akakitazama. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mafaili yaliyofungwa.

"Una Jumamosi na Jumapili, Sajenti. Ukiniletea kitu nitakisikiliza. Usipoleta, faili linakwenda."

Modest alipotoka, Imakulata alisogeza kiti karibu na dirisha penye mwanga. Aliijua mipira hii kuliko alivyopenda. Marehemu baba yake, kule Mbulu, alikaa nayo hadi kifo chake, na kila alipopata likizo ni yeye aliyekuwa akimmwagia mfuko huku mzee akitazama ukutani kwa aibu. Mpira wa baba ulikuwa na midomo miwili. Mmoja ulitoa mkojo. Mwingine, mdogo, ndio nesi aliouchomeka bomba la sindano na kusukuma maji ili puto dogo lililo upande wa pili livimbe ndani ya kibofu na kuuzuia mpira usichomoke.

Huu ulikuwa na midomo mitatu. Ule wa tatu ulikuwa umezibwa kwa kizibo cha plastiki.

Akachukua kioo cha kukuzia, akakagua puto. Lilikuwa limenywea, lakini zima, halina tundu wala mpasuko. Hapo ndipo alipokunja uso. Anayemchomoa mzee mpira kwa nguvu huutoa na puto lililojaa, au hulipasua, na huyo mzee husikika hadi kijiji cha pili. Aliyeutoa mpira huu alikuwa amevuta maji kwanza, taratibu, kwa bomba la sindano. Muuaji gani ana uungwana wa namna hiyo?

Akaurudisha mpira kabatini, akaenda mahabusu.

Gidion aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mwanamume mwenye mabega ya jembe na macho ya mtu asiyelala.

"Baba yako alikuwa anabadilishiwa mpira wapi?" Imakulata aliuliza.

"Zahanati ya kijijini, afande. Kila mwezi."

"Mpira wake ulikuwa na midomo mingapi?"

Gidion alimtazama asielewe. "Mimi sijawahi kuuangalia mpira wa baba."

"Miaka miwili, hata siku moja?"

"Ni baba yangu, afande. Nitamwangaliaje huko?"

Imakulata hakubishana. Naye alikuwa wa kabila la Wairaqw kama Gidion, na alijua kwamba mwana wa kiume haangalii uchi wa baba yake hata kwa kuuguza. Ndiyo maana baba yake mwenyewe alikuwa amebaki mikononi mwa binti wa kuja na kuondoka.

"Mfuko ulimwagwa na nani?"

"Mwenyewe."

"Chakula alikula na nyinyi?"

"Paskalina alimpelekea kule. Mke wangu ana heshima, hakuwahi kumnyima. Lakini harufu, afande. Wageni wakija, baba mwenyewe alikuwa anatoka."

"Siku anaondoka alisemaje?"

"Alisema anakwenda Mbulu, huko kuna mipira mizuri zaidi. Akimaliza atapita kwa dada yangu Eva akae kidogo."

"Ukampigia Eva kumwuliza kama amefika?"

"Sikupiga. Nilijua yuko kwake."

Imakulata alikuwa ameshaongea na Eva kwa simu. Eva, kwa upande wake, hakuwa na habari ya safari yoyote. Alijua baba yuko kwa Gidion. Mzee hakuwa na simu, na watoto wake wawili walikuwa wamekaa wametulia, kila mmoja akiamini mzee yuko kwa mwenzake.

"Na godoro?"

"Lilikuwa limeoza kwa mkojo. Nilisema akirudi akute jipya."

"Ulilinunua?"

"Nilingoja niuze maharage."

"Yale uliyoyaweka kwenye kibanda chake."

Gidion aliinamisha kichwa. Imakulata akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

"Mzee aliwahi kusema anataka kupasuliwa?"

"Alisema. Mwaka jana. Mimi nikakataa. Jirani yetu Hhando alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa huo huo, kidonda kikakataa kufunga, tukamzika. Nilimwambia baba, bora mpira kuliko kaburi."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Baba alikuwa ameacha kujibu siku nyingi."

Jumamosi asubuhi Imakulata alipanda basi la Mbulu. Alikaa dirishani na kiti cha pembeni yake kikabaki wazi, kwa sababu watu wakiona sare hujikumbusha kwamba wana miguu ya kusimamia. Mbulu ilimpokea kwa ukungu na baridi yake ile ile. Hakupita nyumbani kwao. Tangu mazishi, nyumba ilikuwa na kufuli, na hakuona sababu ya kwenda kulisalimia kufuli.

Zahanati ya Endasak ilishamwambia kwa simu kwamba mipira ya midomo mitatu hawana na hawajawahi kuwa nayo. Kwa hiyo alianza na hospitali kubwa, na katika wodi ya upasuaji ya wanaume akampata muuguzi mkuu wa zamu, Helena, mwanamke mnene mwenye sweta juu ya gauni jeupe. Imakulata alimwonyesha picha ya mpira kwenye simu, akaeleza kwamba kuna mtu anashtakiwa kwa mauaji. Helena alimpigia kwanza daktari, akaruhusiwa, ndipo akavuta kiti.

"Huu hautumiki zahanati," alisema. "Huu anawekewa mtu aliyetoka kukwanguliwa tezi. Mdomo wa tatu ni wa kuingizia maji, yanaosha kibofu yanatoka na damu. Maji yakianza kutoka meupe, tunauziba."

"Kukwanguliwa kivipi?"

"Zamani tezi dume ilitolewa kwa kupasua hapa." Helena alipitisha kidole chini ya kitovu. "Mgonjwa alilala wiki na wiki, na wengine kidonda kilichimba. Siku hizi daktari anapita kwenye njia ya mkojo yenyewe. Anaingiza chombo chembamba chenye kamera na waya wa umeme, anatazama kwenye runinga, anaikwangua ile tezi vipande vidogo vidogo mpaka njia inafunguka. Mgonjwa amechomwa ganzi ya mgongo, yuko macho, anaongea."

"Na kovu?"

"Kovu la wapi? Hakuna kilichokatwa nje. Ukimvua nguo hujui kama amefanyiwa kitu."

"Hapa mnafanya?"

"Tulikuwa na kambi ya madaktari bingwa mwezi uliopita. Walikuja na mashine yao, wazee walijaa mpaka kwenye veranda."

Imakulata alimtolea picha nyingine, ya mzee Akonaay, iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya Eva. Helena aliisogeza mbali kidogo na macho, kisha uso wake ukabadilika.

"Huyu namkumbuka. Huyu ndiye aliyekuja bila mtu. Kila mgonjwa lazima awe na ndugu wa kuweka sahihi, wa kumpa uji, wa kumgeuza. Nilimwuliza, baba, ndugu yako nani? Akaniambia, niandike mimi mwenyewe. Daktari akacheka, akamkubalia, maana akili zake zilikuwa timamu. Uji nilimpa mimi."

"Alikuwa na hofu?"

"Ya kupasuliwa, hapana. Aliniuliza jambo moja tu. 'Sista, mpira huu ukitoka, nitaweza kukaa sebuleni na watu?' Nikamwambia, baba, utakaa hata kanisani mstari wa mbele."

Imakulata alijifanya anaandika. Hakutaka Helena auone uso wake. Baba yake alikuwa amekufa kabla mashine kama hizo hazijapanda huku milimani, na hilo halikuwa kosa la mtu, lakini liliuma vile vile.

"Alitoka na mpira?"

"Alitoka nao. Kitanda kilikuwa kinahitajika. Tulimwambia autoe zahanati ya kwao baada ya siku chache. Nikampa na bomba la sindano, maana zahanati nyingine hawana saizi ile."

"Anaweza kuutoa mwenyewe?"

"Hatakiwi. Lakini mzee aliyebadilishiwa mpira kila mwezi ameshaona inavyofanyika. Anavuta maji, puto linanywea, mpira unateleza wenyewe. Damu kidogo ni kawaida."

Bomba la sindano. Imakulata alilikumbuka lilivyokuwa kwenye nyasi za korongo, karibu na mpira. Konstebo mmoja alilisukuma kwa kiatu akisema ni la kuchomea ng'ombe, na kwa kuwa kila korongo la wilaya ile lina sindano za mifugo zilizotupwa, hakuna aliyeliokota. Hata yeye hakuliokota.

"Alikuambia anakwenda wapi?"

"Nyumbani. Alinunua sukari getini. Alisema safari hii atakunywa chai ndani."

Imakulata alikaa kwenye benchi la stendi akingoja basi la kurudi, akaupanga mkasa wote upya. Mzee anashuka kwenye gari, anafuata njia ya chini. Korongoni anajificha, anautoa mpira kwa mkono wake, kwa sababu anataka kuingia nyumbani kama mtu mzima wa afya. Anapanda shambani. Na kisha? Kama Gidion alimwua, alimwua mzee aliyepona, na sababu yote ya kumwua ilikuwa imebaki korongoni. Kama hakumwua, mzee alikwenda wapi?

Hapo ndipo alipokumbuka maelezo ya Alfredi.

Alfredi alikuwa dalali wa ng'ombe, wakazi wote wa Hanang walimjua kwa maneno mengi. Mwanzoni mwa upelelezi alikuja kituoni kwa hiari yake kusema kwamba aliona mtu wa kufanana na mzee Akonaay kwenye mnada wa Hirbadaw, halafu akajikanusha mwenyewe kabla ya kusaini. Imakulata aliandika maelezo hayo kwa mkono wake na kuyaweka kando, kama walivyofanya wenzake wote waliosoma faili.

Jumapili, baada ya misa, alimkuta Alfredi nje ya nyumba yake Hirbadaw akipiga kiatu rangi.

"Ulisema ulimwona mtu anayefanana na mzee Akonaay," alimwambia.

"Nikasema pia siye, afande. Msiniingize kwenye mambo."

"Nataka kujua kwa nini siye."

Alfredi aliendelea kusugua kiatu. "Wewe ni mama. Mengine nashindwa kukutamkia."

"Mimi ni polisi. Tamka."

"Basi. Yule mtu alikwenda nyuma ya lori akasimama akakojoa. Mkojo wa kijana, afande, unasikika. Mzee Akonaay tunajua, miaka miwili anatembea na mfuko. Nikajiambia huyu ni mtu mwingine tu, watu wanafanana. Nikaenda zangu."

"Hukumsalimia?"

"Nitamsalimiaje mtu nisiyemjua?"

"Alikuamkia?"

Alfredi aliiweka chini brashi. "Aliinua fimbo," alisema taratibu. "Kama anataka kunisemesha. Mimi nikageuka."

"Alikuwa na nani?"

"Na Gidamis. Mbarabaig mmoja wa bondeni kule, mwenye ng'ombe wengi."

Imakulata alifunga daftari. Sasa hakuhitaji kuambiwa zaidi. Wazee wa milimani hawaweki ng'ombe wote mahali pamoja. Mzee mwenye busara zake huwa na wawili watatu kwa rafiki wa kabila jingine huko tambarare, ng'ombe ambao majirani hawawaoni, watoto hawawahesabu, na pengine hata mke hakuwahi kuambiwa. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Baba yake Imakulata alikuwa nao, na familia ilijua siku ya mazishi, alipotokea mtu wasiyemjua akiswaga ng'ombe. Mzee aliyekosa pa kwenda angeenda wapi, kama si mahali ambapo bado ana kitu chake?

Bodaboda ilimfikisha kwenye boma la Gidamis jua likiwa bado kali. Gidamis mwenyewe alisimama langoni, mrefu, mkavu, blanketi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimetoka polisi. Namtafuta mzee Akonaay wa Endasak. Watu wanasema amekufa."

Gidamis alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Hapa kuna mgeni wangu," alisema. "Maiti hakuna."

Akaelekeza fimbo yake kwenye lambo.

Mzee Akonaay alikuwa ameketi juu ya jiwe, koti limefungwa vifungo vyote, ng'ombe wakinywa mbele yake. Alikuwa amenenepa kidogo kuliko kwenye picha. Imakulata alimwamkia, akavua kofia, akachuchumaa ili asimsimamie mzee kichwani.

"Umenipataje, binti?" mzee aliuliza.

"Kwa mpira wako. Na kwa Alfredi."

"Alfredi alinigeuzia mgongo."

"Hakuamini kuwa ni wewe."

Mzee alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Hata mimi ilinichukua muda kuamini."

"Mzee, siku ile ulifika nyumbani?"

"Nilifika mpaka kwenye mahindi." Alizungumza bila haraka, macho kwa ng'ombe. "Korongoni niliutoa ule mpira. Nikakojoa mwenyewe. Binti, miaka miwili. Nililia pale kama mtoto. Nikasema nitaingia nimshike Gidion mkono, nimwambie aniwekee kiti ndani. Nikapanda. Nikaona moshi. Nikasogea, nikaona ni godoro langu. Kibanda changu kimejaa magunia. Mwanangu anamwambia mkewe, sasa tutapumua. Mkewe anacheka."

"Anasema alitaka kununua godoro jipya."

"Labda."

"Kwa nini hukutokea?"

"Walikuwa na furaha," mzee alisema. "Sikuwahi kuwaona na furaha namna ile tangu nipewe mpira. Nilisimama kwenye mahindi nikangoja nisikie mmoja anataja jina langu. Halafu nikashuka."

Ng'ombe mmoja alitoka majini akaja kumnusa mzee bega, na mzee akamsukuma kwa kiwiko kama mtu anayemsogeza mtoto.

"Gidion yuko mahabusu," Imakulata alisema hatimaye. "Anashukiwa amekuua. Kesho anasomewa mashtaka, na akishasomewa hatoki leo wala kesho."

Mzee aligeuka akamtazama usoni. Ilionekana wazi kuwa hakujua.

"Nani alikuja kwenu kusema nimepotea?"

Imakulata angeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi, na pengine ingekuwa huruma. Lakini mzee huyu alikuwa amelala macho wazi huku mashine ikimkwangua, na alistahili kuambiwa ukweli akiwa macho.

"Genoveva. Jirani."

"Si Gidion."

"Si Gidion. Wala Eva. Kila mmoja alidhani uko kwa mwenzake."

Mzee aliwatazama ng'ombe. Kisha akajiinua kwa fimbo.

"Ngoja niwaingize hawa bomani," alisema. "Asubuhi tutakwenda. Sitaki mtoto afungwe kwa ajili yangu."

Jumatatu Mkaguzi Modest alikuwa tayari amevaa koti la kwenda mahakamani, faili kwapani, mlango wa kituo ulipofunguka akaingia Imakulata na nyuma yake mzee mwenye fimbo. Modest alimtazama mzee, akatazama picha iliyobandikwa kwenye jalada la faili, akamtazama tena mzee. Akaweka faili mezani polepole.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Nimekuja kuonekana."

Waliandika maelezo yake, wakachukua alama ya kidole gumba. Modest aliuliza maswali mafupi na kwa sauti ya chini. Alipomaliza aliagiza Gidion aletwe, akajifanya ana simu ya kupiga, akatoka.

Gidion aliingia akijikinga mwanga kwa kiganja. Alipomwona baba yake alisimama palepale. Macho yake, kabla hayajafika usoni, yalishuka kwenye paja la mzee, mahali ambapo mfuko ulikuwa ukining'inia chini ya koti. Hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umepona."

"Nimepona."

Gidion aliketi kwenye benchi. Alianza kulia bila kujifuta, mwanamume mzima mbele ya polisi, na ndani ya kilio kile mlikuwa na hasira pia, kwa sababu alikuwa amelala sakafuni usiku baada ya usiku kwa kosa ambalo hakulitenda.

"Wamesema nimekuua, baba. Kijiji kizima. Na wewe uko hai, umepona, hukutuambia."

"Nilikuja kuwaambia," mzee alisema.

Imakulata aliona neno lile linavyomwingia Gidion: kwanza hakuelewa, kisha akahesabu siku kichwani, kisha akafika kwenye moshi wa godoro. Akainua mikono yote miwili akafunika uso.

"Baba, twende nyumbani," alisema ndani ya viganja.

"Wewe nenda. Mkeo anakungoja."

"Na wewe?"

"Mimi nina ng'ombe wa kunywesha."

Mzee alimgeukia Imakulata kuuliza kama bado anahitajika. Hakuhitajika. Imakulata alimsindikiza hadi barabarani, akasimama naye mpaka bodaboda ya kwenda Hirbadaw ilipopatikana, na hakuna kati yao aliyesema neno zaidi ya kuagana.

Aliporudi ndani, Gidion alikuwa palepale. Amerudishiwa mkanda, viatu na simu yake, na mlango ulikuwa wazi. Imakulata alimwambia anaweza kwenda. Gidion aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka. Alikuwa bado ameketi kwenye benchi lile saa Paskalina alipoingia na sahani yake ya chakula cha mahabusu, maana hakuna aliyekuwa amempigia kumwambia kwamba mumewe ameachiwa.